Aliyeshika Mpira

Jumanne jioni, Husby

Nimekosea, na maonyesho ya picha za zamani ninayoyaandikia maelezo yanafunguliwa kesho. Chini ya picha ya klabu moja ya soka ya karne ya kumi na tisa, iliyokufa zamani, niliandika kwamba aliyeshika mpira ni kipa. Kwetu Bukavu, nani mwingine angeushika?

Leo nilimwonyesha picha hiyo Mama Ingrid, mzee ninayemhudumia. "Huyo ni babu yangu," akasema. "Alikuwa nahodha. Enzi zile, kwenye picha, mpira aliushika nahodha." Kahawa yake hakuigusa.

Kipa ni nani basi? Jezi zote moja, glavu hakuna. Nikikosea tena, hataniamini.

Nimeangalia mikono yao. Wa mwisho kulia, vidole vyake vyote vimepinda kwa kudaka mipira; ndiye kipa.

Jina lake nililiondoa mwenyewe kwenye maelezo, nafasi ilikuwa haitoshi.