Kiti cha Mama Katika Chumba cha Kola

Kaka yangu,

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Mama alipoteza kiti alichokikalia miaka ishirini na miwili. Nimeanza na hilo usije ukaishia kwenye salamu. Haya, hujambo? Wifi anaendeleaje na mimba yake ya miezi saba? Mimi mzima. Mama naye mzima, ila kila asubuhi anavaa nguo za kazi, anakaa nazo sebuleni.

Anasema hana kinyongo, kwa kuwa kompyuta iliyomtoa haina mtoto wala mkwe. Jirani akamuuliza kwani si mwanao anayeiendesha? Mama akajibu kwa maringo kwamba ndiye, na hata yeye hakuweza kuizuia. Nilikuwa naosha vyombo, nikaendelea kuosha.

Unakumbuka ulivyonijia, wewe msomi uliyesomeshwa kwa cherehani ya Mama, ukanibembeleza mimi niliyejifunzia kuandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Ulisema meneja wa kiwanda chenu cha mashati anataka mafundi saba wa kushona kola wapangwe kwenye meza chache kadiri iwezekanavyo. Aliye mwepesi na aliye mzito katika meza moja wasipishane zaidi ya kola tano kwa saa. Na atakayebaki peke yake aende nyumbani. Ukanipa kasi zao: 31, 33, 36, 38, 41, 43, 44. Ya kwanza ya mkeo. Ya mwisho ya Mama.

Niliandika programu ianzie juu: mchukue mwepesi kuliko wote, mkusanyie wote walio ndani ya tano, funga meza, anza nyingine. 44, 43, 41. Kisha 38, 36, 33. Anabaki 31. Wewe ukageuza mstari mmoja tu, ianzie chini. 31, 33, 36. Kisha 38, 41, 43. Anabaki 44. Meza tatu huku, meza tatu kule, hesabu haina kosa. Fundi hodari kuliko wote katolewa kwa kukosa wa kukaa naye. Nasikia meneja kakupongeza kwa kutompendelea mama yako.

Sasa langu. Nilijua ikianzia juu atabaki wifi, na nilijua kwa nini siku hizi mkono wake ni mzito. Aliniita fundi wa kubahatisha mbele ya wageni, nikaliweka moyoni. Na upo mpangilio mwingine, kaka: 31, 33, 36, halafu 38, 41, halafu 43, 44. Meza zile zile tatu, habaki mtu. Niliuona kabla sijakukabidhi programu. Nikaufuta.

Msalimie wifi, mwambie apumzishe miguu.

Barua ya kumwachisha Mama kazi inatiwa sahihi Ijumaa saa sita mchana. Je, utampelekea meneja mpangilio huu na kumwambia mstari uliougeuza, ndiyo au hapana? Nataka neno moja, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Alhamisi. Ukinyamaza, saa moja usiku namsomea Mama barua hii yote, pamoja na sehemu yangu, na asubuhi naenda kwa meneja mwenyewe.

Mimi mdogo wako,
Fundi wa Kubahatisha