Milango Miwili ya Eldorado

Mama yangu,

Nusura gari lako liuzwe, na kosa lingekuwa langu.

Siku uliyokuja nalo pale nyumbani kwetu, mji wa DeSoto, ungali na sare za hospitali, nilisimama mlangoni nikasahau hata kukuamkia. Eldorado nyeupe iliyonizidi umri, viti vya ngozi nyekundu, boneti ambayo mtu angelala juu yake akanyoosha miguu. Manesi wenzako walikuwa na vigari vya kubana mafuta. "Wamarekani wanasema hili ni gari la mtu binafsi," ukaniambia. "Haya, vaa viatu, tukachukue watu."

Tukawachukua kila Jumapili kwenda kanisani Dallas. Shida ilikuwa milango, miwili tu. Wewe na heshima zako ulishikilia kwamba mkubwa hutangulia kuingia. Basi Bibi Neema, mzee kuliko wote na magoti yake mabovu, alipenyezwa nyuma wa kwanza, na mimi mtoto wa miaka kumi nikaketi mbele kama waziri.

"Mama Tumaini," alilalamika huko nyuma, "heshima yako itanivunja kiuno."

Ulicheka mpaka ukapunguza mwendo. Utaratibu hukubadilisha.

Nilikutazama ukikata kona kwa mkono mmoja, mwanamke mfupi uliyekalia mto ili uone barabara, nikaamini hakuna kitu duniani cha kukushinda. Mpaka leo nashangaa ulitoa wapi ujasiri ule.

Tangu tukuzike sikuthubutu kuliwasha. Mwezi huu mdogo wangu Daudi akanipigia: "Dada, kama huta-drive, tuliuze tu. Linaoza kwenye garage." Nikapanda basi kutoka Houston hadi DeSoto. Nilikaa nusu saa nzima nimeshika usukani, ndipo nikaondoka nalo kurudi Houston. Mama, kumbe lile gari haliendi, linaelea. Hata malori yalinipisha.

Nilipotia mafuta njiani, mzee mmoja wa Kizungu alivua kofia, akalizunguka mara mbili, kisha akauliza ni la nani. Nikajibu ni la mama yangu.

"Mwambie amelitunza vizuri sana," akasema.

Sikuweza kumwambia kwamba hupo tena. Nilimwahidi nitakufikishia. Basi, mama, salamu zako ndizo hizo.

Binti yako wa kwanza,
Tumaini
Alief, Houston