Shangazi wa Ndani ya Simu

Wifi yangu Itto,

Sisi wazima, ila vidole vyangu bado ni vya njano kwa zafarani, na mtoto mchanga hataki kulala.

Asante kwa simu yako ya zamani. Tilila wetu alikuwa kama bubu darasani, maana nyumbani tunasema Kishilha na shuleni ni Kiarabu. Mwalimu alinionya: mavuno yakiisha hajajua kusoma, anamrudisha chekechea. Nami niliyeishia darasa la tatu ningemsaidia nini?

Basi kila jioni, tukishachambua maua ya zafarani, nampa nusu saa ya ile programu ya herufi za Kiarabu uliyoiacha humo, ile yenye sauti ya mwanamke, kisha simu naifungia kwenye kapu la mkate. Analia, namwacha alie.

Jana aliitwa ubaoni akasoma mstari mzima. Mwalimu akashangaa, "Kumbe una mdomo! Nani kakufundisha?"

"Shangazi Itto. Yumo kwenye simu. Nikikosea hanigombezi, ananiambia nijaribu tena."

Wifi, anadhani sauti ile ni yako, nami sikumsahihisha. Ukija Idi atakuletea kitabu akusomee. Usicheke. Akikosea, mwambie taratibu, kwa Kiarabu, ajaribu tena.

Nakubusu kichwani,
Izza, mama Tilila