Ufito wa Mkono wa Kushoto

Tarehe 9 Juni. Leo ni miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke nyumbani.

Mke wangu, Mama Pacha,

Nakusalimu wewe na pacha wetu. Mimi nimechoka tu, ila nimenunua ufito wa kuvulia samaki. Usicheke. Chambo chake ni nzi bandia aliyetengenezwa kwa manyoya ya ndege. Nikamuuliza mwenye duka, "Samaki wa huku ni wajinga kiasi hiki?" Akasema, "Si wajinga, ndugu yangu. Wana njaa kama wewe."

Alinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Anayeanza achukue ufito mwepesi, na namba ya uzito iliyoandikwa kwenye ufito ilingane na ya mshipi, maana chambo hakina uzito. Kinachorushwa hasa ni mshipi. Kisha akauliza, "Unarushia mkono gani?" Nikasema wa kushoto. Akahamishia mpini wa gurudumu la kukunjia mshipi upande wa kulia, akaniambia nijaribu. Niliuzungusha kwa vidole viwili.

Uliniuliza mbona mwandiko wangu umeharibika. Nilikudanganya kuwa ni haraka. Mwezi wa pili msumeno wa kiwandani ulinikata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na sasa hawanitaki tena. Mto wetu uko palepale nyuma ya nyumba, nikaona nirudi na kitu ambacho mikono hii inakiweza.

Nitafika tarehe ishirini na nane. Mizigo mtanipokea, ila ufito nitaubeba mwenyewe.

Mumeo