Nilimkana Mjomba Mapokezini

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie ingawa najua nitakachokuambia hakinipi sifa. Nina miaka ishirini na tisa, nafanya kazi kitengo cha mawasiliano cha kampuni ya magari, na ni mimi ninayeandaa orodha ya waalikwa kila tunapozindua gari jipya, na mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwandishi wa habari za magari tangu sijazaliwa, ndiye aliyenifundisha kuendesha, ndiye aliyenipeleka kwenye usaili wa kazi hii hii akanisubiri nje mpaka nikatoka. Mwaka jana aliandika kwamba gari letu dogo linakula mafuta kuliko tunavyotangaza, bosi wangu akachukia, akasema safari hii waitwe watu wa mitandaoni wenye wafuasi wengi, walazwe hotelini na wapewe gari wiki nzima, na waandishi tuwatumie picha tu. Akaweka kidole kwenye jina la mjomba. "Huyu mzee mfute." Nikafuta, wala sikusema ni nani kwangu.

Siku ya uzinduzi mjomba akaja, akidhani nimesahau kumtumia mwaliko, akasimama mapokezini na koti lake la kijivu, mlinzi akaniita, "Dada, huyu mzee anasema anakufahamu," na bosi alikuwa ubavuni mwangu, Mshauri, nikajibu, "Simfahamu, labda amekosea jengo." Mjomba akanitazama, kisha akamwambia mlinzi taratibu, "Kweli, nimekosea," akaondoka. Ndani binti mmoja maarufu alikuwa akijirekodi anapapasa viti na kusema gari ni tamu kama keki, na boneti hajui inafunguliwa wapi, nami nikampigia makofi.

Hayakuishia hapo. Mjomba aliazima gari la aina hiyo hiyo kwa mteja aliyelinunua, akaliendesha siku tatu kwenye barabara mbovu, akaandika kwamba mlango wa nyuma unafunguka wenyewe gari likitembea. Bosi akaniagiza niandike jibu, nikaandika kwamba mwandishi huyo ana kinyongo kwa kuwa hakualikwa, watu wakamcheka, wakambandika jina la Mzee Wivu. Wiki iliyopita mwalimu mmoja mwenye gari kama hilo akapiga simu ofisini akisema mlango wa nyuma umefunguka barabarani na mwanawe ameokolewa na mkanda tu. Simu niliipokea mimi. Sijamwambia mtu. Mjomba hapokei simu zangu, na mama kila nikimlilia ananijibu, "Asante ya punda ni mateke." Nifanye nini mjomba anisamehe?

Mpwa mwenye majuto

MSHAURI ANAJIBU

Mpwa, pole, lakini pole yangu ni fupi. Barua yote hii, na unachouliza ni msamaha wa mjomba! Mtoto wa mwalimu umempitia juu juu kama kituo kisicho chako.

Kufuta jina uliagizwa. Lile neno "simfahamu" hukuagizwa na mtu. Wala usimtupie lawama binti wa keki: aliitwa asifie, akasifia, hakujua zaidi. Wewe ulifundishwa kuendesha na mtu anayejua magari, ukamwita mwenye kinyongo huku ukijua hana.

Sasa futa machozi ufanye kazi. Mpigie mwalimu leo, mwambie gari lisitembee. Andika alichokueleza, tarehe na namba ya gari, umpe fundi mkuu na bosi, nakala ubaki nayo. Wakikaa kimya siku mbili, wapelekee wakaguzi wa usalama wa magari. Kisha palepale ulipoandika ule uongo, andika kwa jina lako kwamba mwandishi alisema kweli. Huenda ukafukuzwa kazi, sikufichi.

Mjomba mwache mwisho. Nenda mwenyewe, usimtangulize mama akuombee. Eleza ulichofanya, ulichorekebisha, halafu unyamaze umsikilize. Huenda asikusamehe, na hiyo ni haki yake. Lakini ukianza kwake, utakuwa unatafuta kutulizwa moyo, na kuna watoto waliokaa kwenye viti vile vya nyuma asubuhi ya leo.