Kadi ya Mtihani wa Jumamosi

Tabora,
Jumamosi, 16 Novemba 1974.

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama na wote mliohamia hapo kijijini. Mimi ni mzima wa mwili. Macho yako yanaendeleaje? Dereva wa lori la ofisi aliniambia kwamba ukungu umeongezeka katika jicho la kulia, na kwamba sasa hata Biblia yako ya maandishi makubwa humsubiri Kaka Justus atoke darasani akusomee. Kwa hiyo nakusalimu na wewe, Kaka Justus, maana najua karatasi hii iko mkononi mwako. Nakuomba usome polepole na usiruke neno, hata pale utakapotamani kuruka.

Huku mvua bado. Tunapanga foleni ya unga wa yale mahindi ya njano ya Marekani. Bi Batuli, mama mwenye nyumba wangu hapa Cheyo, anasema unga huo unanuka meli, lakini anausonga na sufuria inarudi tupu. Jumapili nilipita Itetemia kuangalia nyumba yetu ya zamani. Paa limeezuliwa na mlango umechukuliwa. Mihogo ya Mama imeng'olewa yote, hata ile ambayo ilikuwa haijakomaa. Sikukaa.

Baba, umeniuliza mara tatu kwa nini safari ya Justus ya masomo imekwama, na mara zote tatu nimekujibu kwa kifupi. Leo nakujibu kwa kirefu. Nitaanza mwanzo, kwa sababu hata Justus mwenyewe, ambaye ulimlea pamoja nami tangu Baba Mdogo alipofariki, hajui yote.

Mwezi wa nne vyuo viwili vilimkubali asomee uchimbaji wa visima, kimoja Uingereza na kingine Marekani. Kila kimoja kilimtaka kwanza athibitishe Kiingereza chake, tena kwa mtihani wake chenyewe. Ofisi yetu ya elimu hupitisha fomu moja tu kwa kila mwombaji, hivyo ukichagua mtihani umechagua na nchi. Justus alikuja ofisini na fomu zote mbili ndani ya daftari lake la maandalio, akazitandaza juu ya meza yangu, akasema, “Bwana makaratasi, nife kwa upi?”

Nilizisoma zote mbili mpaka mwisho. Katika mtihani wa Waingereza mtu huandika insha, halafu hukaa mbele ya mtahini na kuzungumza naye kwa robo saa. Katika ule wa Wamarekani husikiliza sauti kwenye kinasa sauti na kujaza viduara kwa penseli. Hakuna wa kuzungumza naye. Nikafikiria kigugumizi chake. Baba, unajua akiwa na watoto darasani, au akikusomea wewe, maneno yanamtoka kama maji. Lakini mbele ya mkubwa neno humkwama mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kwa hiyo nilimwambia achague wa Wamarekani, kwa kuwa kiduara hakimkodolei mtu macho. Alicheka sana. Akaniomba nimjazie mimi, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake.

Nikamjazia. Palikuwa na nafasi ya kueleza sababu ya kuchagua mtihani huo. Niliiacha wazi, maana nilimwonea haya kuandika kigugumizi chake kwenye karatasi ya serikali. Fomu ikaenda Dar es Salaam na nakala ikabaki kwetu.

Sasa, ofisini tunaye mpiga taipu anayeitwa Nassibu. Ni Mzaramo, na wewe Baba ndiye uliyenifundisha kwamba sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo wakienda pwani. Kila asubuhi Nassibu alikuwa akiniita mpagazi na kuniuliza mzigo nimeutua wapi. Mimi nami nilikuwa nikimwuliza kama ngoma za kwao zimekwisha, au amekuja Tabora kupumzisha kiuno. Ndivyo tulivyoanza kazi kila siku.

Siku moja mwezi wa saba Nassibu alikuwa akipiga taipu orodha ya waombaji, akaliona jina la Justus. Akapaza sauti. “Ewe mpagazi! Babu yako alibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo, leo nduguyo anataka kubebwa kwa ndege mpaka kwa Wamarekani! Amesikia watu wanapelekwa vijijini, anakimbia jembe.” Nami nikamjibu kama mtani anavyojibiwa. Nilisema ni kweli kabisa, kwamba Justus ameniambia ni afadhali akazoe barafu ya Wamarekani kuliko kuwekwa kijiji kimoja na Mzaramo, maana atalima peke yake huku mwenzake akipiga ngoma kivulini. Ofisi nzima ilicheka. Hata mzee wa chai alilazimika kuweka birika chini.

Mlangoni alikuwa amesimama Ndugu Marko, afisa mpya ambaye alikuwa hajamaliza wiki mbili Tabora. Kwao ni mbali, na hawana utani na sisi wala na Wazaramo. Yeye hakucheka. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika, kisha akaondoka bila kusema alichojia.

Kesho yake aliniita. Nakala ya fomu ilikuwa mbele yake. Alinisomea maneno yangu kutoka kwenye kijitabu, taratibu, na bila kicheko maneno yale yalikuwa mabaya kweli. Nilimwambia kwamba ulikuwa utani. Akaniuliza kama huo utani nao una mhuri. Halafu akaweka kalamu juu ya ile nafasi niliyoiacha wazi, akauliza kwa nini mwalimu wa serikali achague Wamarekani na asitoe sababu, na ni nani aliyemshauri. Akasema mwalimu akionekana na kosa atahamishiwa shule ya kijijini, na aliyemshauri ataondoka naye.

Baba, nilipaswa kusema sentensi moja tu: kwamba ana kigugumizi, na kwamba aliyechagua ni mimi. Niliitafuta nikaipata, ilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliitazama kalamu ile nikasema kwamba Justus alichagua mwenyewe, kwamba mimi niliandika tu aliyonitajia, na kwamba yale maneno ya kukimbia kijiji niliyasikia kwake. Ndugu Marko akanipa karatasi nikayaandika yote. Nikatia sahihi.

Nassibu aliitwa baada yangu. Yeye alisema wazi kwamba tulikuwa tunataniana, na kwamba hata msibani kwetu atasema makubwa kuliko hayo. Lakini karatasi yenye sahihi ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo Nassibu hajanitania tena. Ananiita Ndugu Yoramu.

Wiki iliyofuata lori lilimfuata Justus shuleni, akapewa nusu saa kufungasha. Mlipomwona anashushwa hapo kwenu mlifurahi, mkanitumia salamu kwamba Mungu amewaletea mtoto wa kuwasomea. Mimi nilizipokea salamu hizo. Yeye ameniandikia barua nne akiniuliza faili lake limefika wapi, nami nilimjibu zote nne kwamba bado liko Dar es Salaam. Katika barua ya tatu alinishukuru kwa kuhangaika kwa ajili yake, akanitumia kibuyu cha asali. Niliila pamoja na Bi Batuli, akaisifu sana.

Kaka Justus, usisimame hapa. Lililo kubwa bado.

Faili lako halikuwa Dar es Salaam, lilikuwa limefungwa humu ofisini tangu mwezi wa saba. Lakini fomu yenyewe ilikuwa imekwisha kwenda kwa watahini, na hakuna aliyekumbuka kuwaandikia waizuie. Tarehe 21 Oktoba ikaja kadi yako ya kuingilia mtihani: jina, namba, chumba, saa tatu asubuhi, Jumamosi tarehe 16 Novemba. Barua zote zinazoingia hufunguliwa na mimi, hivyo hakuna mwingine aliyeiona. Pamoja nayo ilikuja barua ya chuo ikisema nafasi yako bado ipo, wanasubiri matokeo tu.

Tangu siku hiyo dereva amekuja huko kwenu mara mbili. Mara zote mbili nilimpa sabuni ya Mama, na kadi nikaibakiza. Treni zilipita hapa zikienda Dar es Salaam nami nilizisikia. Ungefika, Kaka, hata kwa kudandia. Na ungefaulu, hilo sikulitilia shaka hata siku moja, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ungefaulu wangeuliza nani alikupa kadi, wangeitoa karatasi yangu, wangekuita ueleze, na wewe ungesema kweli. Ukibaki kijijini hakuna anayeuliza chochote. Kwa hiyo nilisubiri.

Sasa ni saa tatu na dakika ishirini. Ndugu Marko amekwenda mkutanoni, niko peke yangu ofisini. Huko Dar es Salaam wamekwisha kufunga mlango na kuwasha kinasa sauti, na kiti chenye namba yako hakina mtu. Ilinibidi niingoje saa hii ndipo niweze kuandika. Jana nilijaribu, mkono ukakataa.

Kadi yako nimeiweka ndani ya bahasha hii, ni mali yako. Jina lako wamelipiga taipu sawasawa, bila kosa.

Nina ombi moja. Baba amekaa karibu nawe, anangoja uendelee. Sijui umesoma kwa sauti mpaka wapi. Kama uliishia mapema, nakuomba uniache hivyo hivyo machoni pake. Mwambie kwamba Yoramu anasalimu na kazi inaendelea vizuri. Najua si haki kukuomba wewe jambo hili. Hakuna mwingine hapo nyumbani anayejua kusoma.

Msalimieni Mama, na Tekla, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awape mvua kabla yetu. Ukitaka kunijibu, Kaka, tumia jina la Bi Batuli, Cheyo. Usiandikie ofisini.

Ni mimi mwanao, Baba, na mdogo wako, Justus,

Yoramu