Makosa ya Caren Niliyaona Yote, Langu Hakuthubutu Kulitaja

Mama Naswa, salamu kutoka Nyamasaria, naomba unisaidie kwa sababu nimeharibu na sijui nianzie wapi kutengeneza. Natengeneza programu za kompyuta katika ofisi moja hapa Kisumu, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kazi ya mwenzangu yeyote haianzi kutumika kabla sijaisoma mstari kwa mstari na kuandika maoni kando, ambayo ofisi nzima huyaona. Mwezi wa pili alikuja Caren, msichana mwerevu, na kwa kazi yake ya kwanza nilimwandikia maoni sitini na mawili, mengine ya maana, mengine ya nafasi tupu alizoacha kati ya maneno, na moja, nakiri kwa aibu, lilisema, "Hivi ulisomea wapi?" Nilidhani namkomaza, maana nami nilifundishwa hivyo, na alipoacha kuniuliza maswali nikajisifu kwamba sasa ameelewa.

Basi mwezi uliopita niliandika programu ya kuwatumia akina mama wajawazito ujumbe wa siku ya kliniki, na kwa haraka zangu nikahesabu vibaya siku za wiki, wa Jumatatu wakaambiwa waje Jumapili. Caren ndiye aliyepewa kuisoma, akaandika tu, "Iko sawa." Jumapili hiyo akina mama kumi na mmoja walikuta lango limefungwa, na mmoja wao, Sheila wa Nyalenda, ambaye presha yake ilikuwa juu, alirudi nyumbani akiamini amefukuzwa, akazima simu. Mimi nilikuwa bado natafuta kosa kwenye kompyuta wakati Caren alipokwenda Nyalenda, akauliza kwenye vituo vya maji hadi akampata, akampeleka hospitali mwenyewe. Sheila alijifungua salama siku ile ile.

Nilipomuuliza Caren kama kweli hakuliona kosa langu, alisema, "Niliona, Mzee. Niliandika, halafu nikafuta. Nilijiambia wewe huwezi kukosea, lazima mimi ndiye sijaelewa." Jana aliniletea barua ya kuacha kazi, na Mama, mkono wangu ulikuwa umesahihisha koma mbili kabla sijaelewa ninachosoma. Nimwombe msamaha? Naogopa wengine watanidharau. Au niache kabisa kusahihisha watu?

Waliaula

Waliaula, nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona makosa matatu ya tahajia.

Umesikia moyo ulivyoruka? Umeshaanza kuyatafuta. Hayapo, bwana, nilitaka tu uonje. Sasa zidisha mara ishirini, uyasome mbele ya ofisi nzima, katika kazi yako ya kwanza.

Pole hata hivyo. Hukukusudia mabaya, na kukiri kwa mtu usiyemjua si jambo dogo. Lakini usiniambie ulikuwa unamkomaza. Ulikuwa unajionyesha, na Caren alijifunza ulichomfundisha, yaani kukuogopa. Nafasi tupu kati ya maneno haijawahi kumwacha mama mjamzito nje ya lango.

Unaogopa kudharauliwa? Hao wenzako wanajua kila kitu tayari, wanangoja tu kuona kama wewe nawe unajua. Kwa hiyo kesho usimwite pembeni. Ulimwaibisha mbele ya watu, mwombe msamaha mbele ya watu hao hao, na neno "lakini" uliache nyumbani. Kusahihisha usiache, maana kuna watu wanaoitegemea kazi hiyo kwa maisha yao. Ila anza na yale yanayoweza kumwumiza mtu, na ueleze sababu. Jambo likiwa kubwa, vuta kiti ukae naye. Vile vidogo virekebishe mwenyewe, una vidole. Na akifanya vizuri andika hilo pia, haliongezi uzito kwenye kompyuta.

Anaweza kuondoka hata hivyo, na ni haki yake. Mwandikie barua nzuri ya kumpendekeza. Akikubali kubaki, mpe kazi yako aisome, na usiinuke mezani hadi akuonyeshe kosa. Akikuonyesha, sema asante, kisha nyamaza.